Je, wajua kwa nini mtu huhamia jangwani na asitake kuondoka?

Joseph Wood Krutch alikuwa mtu wa mjini hasa. Kwa miaka mingi alihakiki tamthilia za New York, akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia, akaandika wasifu wa waandishi waliokufa zamani. Mwaka 1952, akikaribia umri wa miaka 60, alifunga virago akahamia Tucson, Arizona, katika Jangwa la Sonora, kusini magharibi mwa Marekani. Alikaa huko hadi alipofariki mwaka 1970. Vitabu vyake vya miaka hiyo vilijaa vyura, popo na kaktasi, na kwa yeyote aliyemfahamu kama mhakiki wa jukwaa, hayo yalikuwa mageuzi ya ajabu.

Afya ilichangia uamuzi wake, lakini afya haielezi mapenzi. Mtu anaweza kumeza dawa chungu miaka kumi asiitungie sifa hata siku moja.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watu wa jangwani wamezoea tu: wanavumilia joto kwa sababu nyumba ni nafuu, au kazi iko huko, au wamezeeka na baridi imewachosha. Maelezo haya yamejengwa juu ya picha moja ambayo karibu kila mtu anayo kichwani: matuta ya mchanga hadi upeo wa macho, jua kali, ngamia, na mifupa ya mnyama aliyekufa kwa kiu. Mahali kama hapo mtu hapapendi, anapahimili. Tatizo ni kwamba picha yenyewe haifanani na majangwa mengi.

Kwa makadirio yanayotumika sana, mchanga umefunika takribani sehemu moja kwa tano tu ya majangwa ya dunia. Kwingine ni mawe, changarawe, udongo mgumu, milima na vichaka. Joto nalo si kigezo. Jangwa kubwa kuliko yote duniani ni Antaktika, ambako hakuna anayelalamikia jua. Kinacholifanya jangwa liwe jangwa ni hesabu ya maji: mvua inayoshuka ni kidogo mno, au ni ndogo kuliko kiasi ambacho hewa ingeweza kukikausha. Neno la kushika hapo ni ukavu. Joto linaweza kuwepo au lisiwepo.

Sonora inaivuruga ile picha zaidi ya majangwa mengi. Tucson hupata milimita 280 hivi za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo huja kwa misimu miwili. Ya baridi hutoka Bahari ya Pasifiki, hunyesha taratibu na kulowesha ardhi hadi chini. Ya kiangazi huja kuanzia Julai kwa radi na mafuriko ya ghafla. Kwa hiyo mimea ipo, tena kwa maelfu ya aina. Mfalme wao ni saguaro, kaktasi lenye umbo la nguzo na mikono iliyoinuliwa juu. Likifikisha miaka kumi bado halijapita goti la mtu, huweza kukaa nusu karne au zaidi kabla ya kutoa mkono wa kwanza, na likipona huishi hata miaka 150. Mche wake huota chini ya kivuli cha mti mwingine, ambao baadaye saguaro huweza kuupita na kuunyang'anya maji. Shina lake lina mikunjo inayofunguka mvua ikinyesha na kujibana ukame ukizidi, ili linenepe na kukonda bila kupasuka.

Halafu kuna jambo ambalo sifa za wahamiaji hulipita haraka. Watohono O'odham, wenyeji asilia wa jangwa hilo, waliishi humo vizazi vingi kabla ya mhakiki yeyote kushuka na masanduku yake. Mwezi Juni, kabla ya mvua, huangua matunda ya saguaro kwa upondo uliotengenezwa kwa mbavu kavu za kaktasi hilohilo, wakapika sharubati nzito, na sehemu yake wakaigeuza divai ya sherehe ya kuita mvua. Kwao mwaka mpya huanza na msimu huo. Hawakuhitaji kushawishiwa kwamba mahali hapo panakalika.

Sasa turudi kwenye ukavu, maana ndio unaofanya kazi kubwa. Fikiria nguo mbichi kwenye kamba. Siku ya unyevunyevu hubaki na maji hadi jioni hata kama jua limewaka. Siku kavu yenye upepo hukauka kabla hujamaliza kufua nyingine. Ngozi yenye jasho ni hiyo nguo. Maji hayawezi kugeuka mvuke bila joto, na kwenye ngozi sehemu kubwa ya joto hilo hutoka mwilini mwako. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na takribani kilokalori 580. Jasho linalodondoka chini haliondoi karibu chochote. Ni maji yaliyopotea bure. Hewa iliyojaa mvuke hurudisha maji kwenye ngozi karibu kwa kasi ileile yanayotoka, ndiyo maana mtu huweza kulowa chapachapa na bado akaungua.

Kiasi cha tofauti hiyo kinapimika. Chukua kipimajoto, kivike kitambaa chenye maji, kipepee. Katika hewa ya nyuzi 40 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 10, kitashuka hadi kama nyuzi 19. Katika hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75, kitagoma kwenye nyuzi 28 hivi. Siku iliyo na joto dogo zaidi ndiyo inayoupa mwili nafasi finyu zaidi ya kupoa.

Ukavu huohuo hufanya mengine. Kivuli kinakuwa na maana, kwa sababu ukilikwepa jua, jasho linaimudu kazi iliyobaki. Mvuke ukiwa haba na mawingu hayapo, ardhi hupoteza joto lake usiku kuelekea angani, na si ajabu alfajiri kuwa na baridi ya nyuzi 15 chini ya mchana uliotangulia. Anga safi ndiyo iliyowaleta wanaastronomia kwenye mlima Kitt Peak, katika ardhi ya Watohono O'odham, mwaka 1958, na Tucson ikaweka sheria ya kudhibiti taa za nje mwaka 1972 ili nyota zisifunikwe na mwanga wa mji.

Lakini kauli ya "ni joto kavu tu" isikulevye. Hewa ikipita nyuzi 35 inakupasha badala ya kukupoza, na upepo wake huwa kama pumzi ya tanuri. Jasho hukauka haraka hivi kwamba ngozi haionekani kulowa, na mtu hupoteza maji bila kujua. Mwaka 2023 jiji la Phoenix, lililo chini zaidi kimwinuko kuliko Tucson, lilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 au zaidi, na kaunti yake ya Maricopa ikahesabu vifo zaidi ya 600 vilivyohusiana na joto.

Sifa ya hewa kavu kama dawa ya mapafu nayo ipimwe kwa uangalifu. Wagonjwa wa kifua kikuu walimiminika Arizona kabla ya viuavijasumu, na mapumziko huenda yaliwasaidia, lakini ukavu wenyewe hauui vimelea. Kejeli ni kwamba udongo wa huko una kuvu ambayo mtu akiivuta pamoja na vumbi huleta ugonjwa wa mapafu uitwao homa ya bonde. Waliokimbia mizio nao walikuja na miti yao ya kivuli, mizeituni na miforosadi, yenye chavua mbaya sana, hadi miaka ya 1980 kaunti ilimo Tucson ikapiga marufuku kuuza aina zinazosumbua.

Mvua ya Julai ndiyo huwachanganya wakazi wapya. Nyumba nyingi za zamani zina kipoza cha maji juu ya paa: sanduku la bati lenye kuta za nyuzi zilizoloweshwa, pampu ndogo, na feni inayovuta hewa kupita humo. Juni hufanya kazi vizuri kwa umeme kidogo. Mvua ikianza, hewa inashiba mvuke, na sanduku lilelile linapuliza ubichi mtupu. Watu hulalamika, kisha hutoka nje kunusa kichaka cha kreosoti, ambacho majani yake yenye utomvu hutoa harufu kali yakilowa.

Usiku huo vyura wa koleo huanza kupiga kelele. Wamekaa chini ya ardhi miezi minane au zaidi, kila mmoja akiwa amejizika kwa ukucha mgumu wa mguu wa nyuma. Kinachowaamsha hasa ni mtetemo wa mvua juu ya ardhi. Watafiti waliwahi kuwatoa udongoni kwa mtetemo wa mota ya umeme, bila tone la maji. Hutaga usiku huohuo kwenye madimbwi, na kwa spishi iliyo haraka zaidi kiluwiluwi huwa chura kwa siku nane hivi, kabla dimbwi halijakauka. Krutch aliwaandikia kurasa nyingi, na haishangazi: aliyehakiki tamthilia kwa miaka mingi alikuwa amepata mchezo wenye onyesho moja kwa mwaka.

Wakazi wa mji hawawezi kusubiri chini ya ardhi. Maji mengi ya Tucson leo hutoka Mto Colorado kwa mfereji wa kilomita 540 hivi, ambao pampu zake huyapandisha zaidi ya mita 800 kabla hayajafika mjini, kwa umeme mwingi sana. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitangaza upungufu wa mto huo kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata Arizona ikakatwa karibu asilimia 18 ya mgawo wake. Wakulima wa katikati ya jimbo ndio walioanza kuuhisi.