Mhafidhina si lazima awe mpinga mageuko

Sentensi hii imeshakuwa ya kawaida kwenye vipindi vya redio na kwenye vijiwe vya kahawa Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Kirumba: "Yule ni mhafidhina, hataki mageuzi, hata Darwin hamkubali." Msemaji huitoa kwa pumzi moja kana kwamba ametaja jambo moja. Ametaja matatu, yaani uhafidhina, mageuzi na, kwa mlango wa Darwin, uumbaji, na hakuna hata moja linalolazimisha jingine.

Uhafidhina ni msimamo wa kisiasa unaosema kwamba taasisi iliyodumu, iwe sheria, mahakama, familia, kanisa au shule, isiguswe bila sababu ya kutosha, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetaka kubadili. Basi. Humo ndani hamna umri wa dunia wala nasaba ya binadamu na nyani. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza anayehesabiwa kuwa baba wa msimamo huo kwa alichoandika mwaka 1790 dhidi ya Mapinduzi ya Ufaransa, alifariki mwaka 1797. Darwin, mwanasayansi Mwingereza aliyeeleza jinsi viumbe vinavyobadilika, alizaliwa 1809. Ingekuwa vigumu kwa Burke kumpinga.

Mzizi wa neno ni Kiarabu, uleule uliotupa hifadhi, kuhifadhi, na hafidhi, yaani mtu aliyeihifadhi Kurani moyoni. Abiria anayepanda boti kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane anautumia mzizi huo bila kuwazia siasa. (Hiyo "-ina" ya mwisho ni alama ya wingi kwa Kiarabu, kwa hiyo "wahafidhina" lina wingi mbele na wingi nyuma. Limeshazoeleka, tuliache.) La kushika ni kwamba huwezi kuhifadhi hewa. Lazima kuwe na kitu, na ndiyo maana swali la kwanza kwa yeyote anayeitwa mhafidhina ni: anahifadhi nini? Mmoja atasema Katiba, mwingine mila za ukoo, mwingine uhuru wa mahakama, mwingine hazina ya serikali isifujwe. Hawa wanaweza kukaa chama kimoja na wasikubaliane juu ya lolote linalofundishwa kwenye somo la biolojia.

Kero kubwa iko kwenye neno la pili. Kiswahili cha siasa nchini kilizoea jozi moja: wahafidhina upande huu, wanamageuzi upande ule. Jozi hiyo ilipata nguvu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Chama kimoja kililibeba neno hadi kwenye jina lake, NCCR-Mageuzi, na Augustine Mrema akagombea urais kwa tiketi yake mwaka 1995. Hapo "mageuzi" lilikuwa kwenye kazi yake halali. Bahati mbaya neno hilohilo likaazimwa darasani na magazetini kutaja jambo la biolojia, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi mpaka spishi mpya zinatokea. Msikilizaji akaunganisha waya mwenyewe: mhafidhina hupinga mageuzi, Darwin ni mageuzi, basi mhafidhina humpinga Darwin. Hoja nzima imejengwa juu ya neno moja kufanya kazi mbili.

Na sarufi yetu ilishayatenganisha zamani. Kugeuza kuna mgeuzaji: mtu, kamati, bunge. Ana nia, ana tarehe, unaweza kumpigia kura au kumshitaki. Zao la kugeuza ni mageuzi. Kugeuka hakudai mtendaji kwenye sentensi; zao lake ni mageuko, na ndilo neno linalofaa kwa spishi. Kama nyuma ya kugeuka huko kuna mkono wa Mungu, hilo ni swali la imani, na biolojia haina kipimo cha kuliamua.

Anayeishi kando ya ziwa hili ana mifano yote miwili mlangoni. Furu wa Ziwa Victoria, wale samaki wadogo waliokuwa wanajaza nyavu kabla ya sangara, wanakadiriwa kuwa zaidi ya spishi 500, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wawili wamechunguzwa sana. Wanaishi kwenye mawe ya visiwa kama Makobe, Ghuba ya Speke: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya bluu nyeusi, na Pundamilia nyererei, dume lenye wekundu mgongoni. Huyo wa pili alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, wanasayansi walipomweleza kwa mara ya kwanza kutoka Ghuba ya Mwanza. Wa bluu hukaa maji ya juu, mwekundu hushuka chini kidogo. Sababu ni mwanga. Maji ya ziwa yana chembe nyingi, chembe hizo humeza mwanga wa bluu upesi, na kadiri unavyoshuka kinachobaki ni mwanga wa manjano na mwekundu. Macho ya samaki wa chini yameelekea kuona wekundu vizuri zaidi, na tofauti hiyo imo kwenye jeni la protini ya jicho inayopokea mwanga. Jike huchagua dume kwa rangi, kwa hiyo anamchagua yule anayeonekana pale anapoishi. Penye maji maangavu kiasi, makundi mawili yanabaki mawili. Ukielekea kusini mwa Ghuba ya Mwanza, kwenye visiwa vyenye tope zaidi, rangi hazitofautiani vizuri na samaki wanachanganyika. Hayo ni mageuko. Hakuna aliyeyaitishia kikao.

Sangara ni habari nyingine. Alipandikizwa ziwani na watu katika miaka ya 1950 na 1960, na kwenye Ghuba ya Mwanza akalipuka katika miaka ya 1980. Alileta viwanda vya minofu na ajira, akaacha mapanki, yaani mifupa inayobaki kiwandani, kwa wasiomudu mnofu, na furu wa spishi zinazokadiriwa kufika 200 wakapotea au wakawa adimu mno. Hayo yalikuwa mageuzi: yana wahusika, yana maamuzi. Kabla hayajakamilika, mwaka 1960, mtaalamu wa samaki Geoffrey Fryer alichapisha onyo kwamba jambo hili lisifanywe, kwa sababu mfumo wa viumbe uliopo haukuwa umeeleweka. Tazama nani alikuwa mhafidhina hapo. Ni mwanasayansi, tena aliyejua vizuri jinsi spishi zinavyogeuka.

Ukirudi kwenye historia ya ugomvi wenyewe wa kufundisha mageuko shuleni, ambao kwa sehemu kubwa ni wa Marekani, utakuta mambo yamegeuzwa kichwa chini. Mwaka 1925 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kukataza shule za umma kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama wa chini. Mwalimu John Scopes akashitakiwa katika mji wa Dayton, akatozwa faini ya dola 100. Aliyesimama upande wa mashitaka kwa jina kubwa alikuwa William Jennings Bryan. Huyu aligombea urais mara tatu, 1896, 1900 na 1908, kwa chama cha Democratic. Alipigania kodi ya mapato kwa matajiri na haki ya wanawake kupiga kura. Kwa Kiswahili cha 1992 tungemwita mwanamageuzi wa kutupwa. Na alipinga mageuko hadi siku zake za mwisho. Alifariki siku 5 baada ya hukumu.

Songa hadi Dover, Pennsylvania, mwaka 2004. Bodi ya shule ya eneo hilo iliamua wanafunzi wa biolojia wasomewe tamko kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo, na kwamba lipo fundisho mbadala la "msanifu mwenye akili", yaani kwamba viumbe vilisanifiwa na mwenye akili fulani, na kitabu chake kipo kwa anayetaka. Walimu wa sayansi walikataa kulisoma. Viongozi wa utawala wa shule wakalisoma wenyewe mwanzoni mwa 2005. Wazazi 11 wakaenda mahakamani. Jaji alikuwa John E. Jones III, mwanachama wa Republican, aliyeteuliwa na George W. Bush mwaka 2002. Tarehe 20 Desemba 2005, katika hukumu ya kurasa 139, alisema fundisho hilo ni uumbaji uliovishwa nguo nyingine, kwamba si sayansi, na kwamba bodi imevunja Katiba.

Ushahidi uliouma zaidi ulitoka kwenye rasimu za kitabu chenyewe. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekataza sheria ya Louisiana iliyolazimisha "sayansi ya uumbaji", yaani uumbaji unaodaiwa kuwa sayansi, ifundishwe pamoja na mageuko. Rasimu za kabla ya hukumu hiyo zilitaja "wanauumbaji". Za baada yake zilitaja "watetezi wa usanifu", maelezo yakiwa karibu yaleyale. Sehemu moja mhariri alibandika neno jipya katikati ya la zamani, herufi za kwanza na za mwisho za neno la zamani zikabaki zinaning'inia pembeni. Hakuna wakili aliyehitaji kueleza sana.

Bodi ililipa gharama za kesi zaidi ya dola milioni 1, na wajumbe wanane waliokuwa wanatetea viti walikuwa wameshaanguka kwenye uchaguzi wa Novemba. Kwa mhafidhina wa aina ya mtunza hazina, hiyo tu ingetosha. Waandishi wawili wa safu waliojulikana kwa uhafidhina, George Will na Charles Krauthammer, waliishambulia hadharani kampeni ya "msanifu" mwezi huohuo wa Novemba. Uingereza nako serikali iliyoongozwa na Conservative, chama cha wahafidhina, ndiyo iliyoingiza mwaka 2012, kwenye mikataba ya fedha ya shule mpya zinazojitegemea, sharti la kutofundisha uumbaji kama sayansi.

Wapo wahafidhina wengi walio upande wa pili, na kuficha hilo ni uongo. Bush mwenyewe alisema Agosti 2005 kwamba wanafunzi waelezwe pande zote mbili. Kwenye kesi ya 1987 majaji wawili waliopinga uamuzi wa wengi, Scalia na Rehnquist, ni wahafidhina wa kupigiwa mfano. Lakini kama wahafidhina wapo pande zote mbili, basi neno "mhafidhina" peke yake haliwezi kukuambia mtu yuko upande gani.

Hoja ya mhafidhina anayetetea somo la sayansi ni ya utaratibu, na ni nzito kuliko inavyosikika. Jambo huingia kwenye kitabu cha biolojia kwa njia ndefu: mtu anapima, anachapisha, wenzake wa fani wanamkagua, wengine wanarudia kipimo, miaka inapita, ndipo mwandishi wa kitabu cha shule analigusa. Njia hiyo ni taasisi iliyorithiwa, imechuja upuuzi mwingi. "Sayansi ya uumbaji" iliomba njia ya mkato: ipite bungeni au kwenye bodi ya shule kwa kura, iingie darasani, uchunguzi ufuate baadaye. Anayepinga mkato huo anahifadhi. Ukiruhusu kura iandike biolojia leo, chama kingine kitaandika historia kesho kwa mlango huohuo.

Sasa neno la tatu, uumbaji. Kuamini kwamba Mungu ameumba mbingu na nchi ni imani ya msikiti na kanisa, nayo haidai nafasi kwenye maabara. Kudai kwamba dunia ina miaka elfu chache na kwamba vipimo vinathibitisha hivyo ni dai la kisayansi, na linapimwa kama madai mengine. Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi Kanda ya Ziwa, halioni ugomvi wa lazima kati ya imani na mageuko: Papa Pius XII aliruhusu utafiti na mjadala juu ya chanzo cha mwili wa binadamu mwaka 1950, na Yohane Paulo II akasema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana ya kubahatisha. Pale Bugando, hospitali iliyo chini ya maaskofu, daktari hawezi kukwepa somo hili. Klorokwini iliacha kutegemewa kwa malaria Tanzania Bara mwaka 2001, ikaja dawa iitwayo SP. SP nayo ikalemewa, mwaka 2006 ikaja dawa mseto ya ALu. Kilichotokea kwa klorokwini kinajulikana hadi kwenye jeni: badiliko katika jeni liitwalo pfcrt hukiwezesha kimelea kuitoa dawa nje ya kifuko chake cha kusagia chakula. Vimelea vichache vyenye badiliko hilo vilipona, vikazaana, vikawa ndivyo vingi katika kundi. Hayo nayo ni mageuko.

Kwa hiyo, kwa watangazaji na wachambuzi wetu, ombi ni dogo. Anayetaka kitabu cha Mwanzo cha Biblia kiingie kwenye silabasi ya biolojia aitwe mtetezi wa sayansi ya uumbaji. Anayeamini Mungu kaumba aitwe muumini. Anayetaka Bunge liende taratibu aitwe mhafidhina, kisha aulizwe anahifadhi nini. Mtu mmoja anaweza kuwa yote matatu, ila kila moja lithibitishwe kwa aliyosema mwenyewe. Na mwalimu wa sekondari anayefafanua kwa Kiswahili mada iliyoandikwa kwa Kiingereza, akifika kwenye furu au kwenye mafuvu ya Oldupai, aandike ubaoni "mageuko". "Mageuzi" ayaache kwa kipindi cha uraia.