Hita ya bloku haipashi? Pima waya kabla hujanunua hita nyingine

Kila baridi inapoanza kukaza, napokea malori ya dizeli yenye lalamiko lile lile: "Fundi, nimelichomeka usiku kucha na asubuhi halitaki kuwaka." Mara nyingi mwenye gari ameshaamua kwamba hita ya bloku imeungua, na wengine huja na mpya mkononi. Mimi naanza na mita ya kupimia umeme. Hita nyingi zinazohukumiwa kufa nimezikuta nzima. Kilichokufa ni waya unaozipelekea umeme, na wakati mwingine hakuna kilichokufa kabisa.

Tuelewane kwanza kuhusu kifaa chenyewe, maana watu hukichanganya na hita plagi. Hita plagi inakaa kwenye silinda hedi, inatumia umeme wa betri, na inafanya kazi kwa muda mfupi tu wakati wa kuwasha. Hita ya bloku inatumia umeme wa ukutani. Ni koili iliyokunjwa kama ile ya birika la umeme, imeingizwa kwenye tundu la kizibo ubavuni mwa bloku, yaani chuma kikuu cha injini chenye silinda, nayo imezama ndani ya kulanti, maji ya kupozea injini. Kulanti ikipata moto inapanda na kuzunguka yenyewe taratibu, bloku nzima inapata uvuguvugu. Dizeli haina spaki plagi. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Bloku ikiwa baridi kama barafu, kuta za silinda zinalinyonya joto hilo kabla mafuta hayajashika moto. Oili nayo imekuwa nzito, na betri imepungukiwa nguvu saa ile ile inayotakiwa kutoa nguvu nyingi zaidi.

Kabla ya mita, tumia masikio. Injini ikiwa baridi na mahali pametulia, mtu achomeke plagi ukutani, wewe sogeza sikio karibu na bloku. Hita nzima huanza kuimba baada ya muda mfupi, sauti ya sufuria ya maji inayokaribia kuchemka. Ukiisikia, iache hita na utafute kwingine: betri, hita plagi, mafuta. Dizeli iliyoganda nta kwenye filta haisaidiwi na hita ya bloku, hata ukiichomeka siku mbili.

Ukisikia kimya, pima kama soketi ina umeme. Nimeshafungua bampa nzima kwa ajili ya saa ya kujiwasha ya kwenye soketi iliyokuwa imesimama, kwa hiyo hatua hii siiruki tena.

Halafu chomoa waya ukutani, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, gusa pini mbili za umeme. Namba unayoitarajia unaipata kwa hesabu ndogo: volti mara volti, gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye hita. Kwa umeme wa volti 120, hita ya wati 1000 inasoma omu 14 na kitu, ya wati 750 inasoma kama 19. Kwa volti 230, ya wati 1000 inasoma kama 53. Ukipata namba iliyo karibu na hiyo, koili haijakatika. Mita ikikuonyesha njia imekatika, usikimbilie kununua. Fuata waya hadi kwenye hita, uchomoe pale, upime pini za hita yenyewe.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwokoa mzee mmoja aliyeniletea pikapu iliyokwisha badilishwa hita mara mbili kwingine. Nilipopima kwenye plagi, njia imekatika. Nilipopima kwenye hita, 14.6. Nikamwambia, "Mzee, hita yako nzima." Akaniangalia kama ninamficha kitu. Nikachukua kopo la dawa ya kugandisha, ile wanayopulizia mafundi wa elektroniki, nikaipulizia plagi mpaka ikafanya weupe wa barafu. Ndani yake pakalia "tik", na mita ikashuka kutoka njia iliyokatika hadi 14 na ushei. Mzee akaomba nirudie, nikarudia.

Waya ule ulikuwa na themostati ndani ya plagi. Baadhi ya dizeli za Chevrolet na GMC zinakuja na waya wa namna hiyo, hauruhusu umeme kupita mpaka baridi ifike kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiku ambao mzee alikuwa akichomeka, baridi ilikuwa nyuzi 8 au 10 chini ya sifuri. Kinachoniuma ni kwamba amelipia hita mbili zisizohitajika, na katika kila kazi kulanti ikamwagwa, kwa sababu hakuna aliyechomoa waya na kupima hatua moja mbele. Nilimfungia waya usio na themostati, wenye unene unaofaa, tukamaliza.

Mahali pengine pa kutazama kwa makini ni plagi inayoning'inia mbele ya gari. Inapigwa na matope na chumvi ya barabarani. Ifungue uangalie pini kwa tochi: shaba yenye ukungu wa kijani, au pini moja nyeusi na plastiki inayoizunguka imelainika na kugeuka kahawia. Weusi huo unatokana na cheche. Kila ukichomeka upande wa lori huku waya tayari una umeme, cheche inakula kidogo. Anza na upande wa lori, ukutani baadaye. Asubuhi chomoa ukutani kwanza. Na paka grisi ya umeme kwenye pini.

Pini iliyoungua nusu inaweza kusoma omu nzuri kabisa ikidanganya mita, kisha ikashindwa kubeba mzigo. Hapo natumia mita ya kubana, ile inayoukumbatia waya na kusoma ampea zinazopita, kwenye waya mmoja peke yake. Wati 1000 kwa volti 120 zinapaswa kuvuta ampea 8.3. Ukiona 5, umeme unapotelea njiani. Ekstensheni ndefu na nyembamba inafanya hivyo hivyo: volti zikishuka kutoka 120 hadi 108, hita ya wati 1000 inabaki na 810 tu.

Kama breka ya umeme wa nyumba inaruka kila ukichomeka, pima kati ya kila pini ya umeme na pini ya ethi, ile ya usalama inayoungana na ardhi. Mita isisome kitu chochote. Ikisoma, hita imepasuka ganda na unyevu umeingia, au waya umechunwa mahali, na safari hii kubadilisha ni lazima. Tafadhali usikate pini ya ethi ili breka itulie. Bodi ya lori inaweza kubeba umeme, na wa kwanza kuugusa ni wewe au mtoto anayepita.

Ukifika kubadilisha, injini iwe imepoa. Safisha tundu hadi ling'ae, mpira uwe mpya, na koili isiguse ukuta wa bloku. Kisha jaza kulanti, washa injini, fungua hita ya kebini hadi mwisho, uiache izunguke mpaka hewa yote itoke na rejeta isihitaji kuongezwa tena. Usiichomeke kabla ya hapo hata kwa majaribio. Koili ikikaa kwenye hewa badala ya kulanti inaungua ndani ya dakika chache. Mimi nikimaliza napima omu mara moja zaidi na kuiandika namba kwa kalamu ya wino mzito chini ya boneti, pamoja na tarehe, ili fundi atakayefuata awe na cha kulinganisha.