Depublizieren ni nini? Au kwa nini TV ya umma Ujerumani inafuta vipindi vyake yenyewe

Mlioko Ujerumani ile barua mnaijua, umeandikisha anwani juzi tu, hata kitanda hujanunua, tayari unadaiwa Rundfunkbeitrag, yaani ada ya redio na TV za umma, euro 18.36 kwa mwezi, na tangu 2013 inahesabiwa kwa nyumba, uwe na tivii usiwe nayo. Hela hiyo ndo inaendesha vituo vya umma, ARD, ZDF na Deutschlandradio (DW Kiswahili haimo humo, ile inalipwa na kodi ya serikali kuu). Sasa ungedhani kipindi ulichokilipia utakikuta mtandaoni siku yoyote ukikitaka, kumbe kuna depublizieren.

Publizieren ni kuchapisha, hii ni kinyume chake, yaani kukitoa mtandaoni kitu kilichokwisha kuwekwa, na si kwamba kina kosa au kuna mtu kashtaki, basi tu muda wake umeisha.

Chanzo ni ugomvi wa soko. Vituo binafsi kama RTL na ProSiebenSat.1 vinakula kwa matangazo ya biashara, wakaona wenzao wanajitanua intaneti kwa hela ambayo inaingia tu iwe masika iwe kiangazi, chama chao kikapeleka malalamiko Brussels kwamba ada hiyo ni ruzuku ya serikali. 2007 Tume ya Ulaya ikaifunga kesi, Ujerumani ikiwa imeahidi kuweka mipaka, na Juni 2009 sheria ikaanza: kipindi kikae mtandaoni siku 7, mechi za Bundesliga saa 24, basi. Ukitaka kikae zaidi kinapita Drei-Stufen-Test, mtihani wa hatua tatu, jamii inakihitaji? kinaongeza nini kwenye ushindani wa ubora? kitakula shilingi ngapi? 2010 ikawa kazi ya kufagia mtandaoni vitu vya miaka iliyopita.

Wenye magazeti nao hawakukaa kimya, 2011 wakaishtaki apu ya Tagesschau, taarifa ya habari ya ARD, kwamba maandishi yamezidi imekuwa gazeti la bure, kesi ikazunguka mpaka 2016 wakashinda kwenye mahakama ya Köln, ila hukumu yenyewe ilihusu apu ilivyokuwa siku moja tu, tarehe 15 Juni 2011! Miaka mitano kwa siku moja jamani.

Na kinachonichekesha, RTL na ProSiebenSat.1 walipotaka kujenga jukwaa lao la pamoja la vidio mtandaoni, mamlaka ya ushindani ikawakatalia 2011, mradi kama huo wa upande wa ARD na ZDF nao ukafia hukohuko 2013, halafu Septemba 2014 Netflix hao wakaingia.

Ile ya siku 7 iliondolewa Mei 2019, ila kufuta hakujaisha. Ukiwa kwenye Mediathek, ile maktaba ya vidio ya vituo hivi mtandaoni, angalia chini ya vidio penye maneno verfügbar bis (inapatikana hadi), hiyo ndo tarehe ya mwisho, mara nyingine ni sheria, mara nyingine ni haki za filamu zimeisha, kwa hiyo kama kuna kitu unakipenda kitazame mapema.