Kabla ya Sindano Kuingia: Kipimo Hiki Kitabadili Nini?

Ombi ninalolisikia kuliko mengine yote hapa maabara ni fupi: "Daktari, nipime vyote." Anayelitoa mara nyingi haumwi. Amefiwa na rafiki ghafla, au ametimiza miaka arobaini, au amesikia mtu akisimulia jinsi saratani yake ilivyoonekana kwa bahati tu. Anataka karatasi yenye majibu mengi, yote mazuri, arudi nayo nyumbani apate usingizi. Namwelewa kabisa. Hata hivyo mimi, ambaye riziki yangu inatokana na kupima damu za watu, mara nyingi humshauri asipime.

Sababu ya kwanza imo kwenye karatasi yenyewe. Pembeni mwa kila jibu kuna namba mbili zinazoonyesha kiwango cha kawaida, na jibu likitoka nje ya namba hizo huwekewa nyota. Wengi hudhani mipaka hiyo inatenganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Sivyo. Kwa vipimo vingi, mipaka hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, kisha asilimia 95 ya katikati ndiyo inaitwa kawaida. Asilimia 5 iliyobaki, nusu juu na nusu chini, ni watu wenye afya vilevile. Wamebaki nje ya uzio kwa sababu uzio ulilazimika kuishia mahali fulani. Sasa mpime mtu asiye na tatizo lolote vitu 20. Ikiwa vipimo hivyo havitegemeani, uwezekano wa kupata angalau nyota moja ni asilimia 64. Aliyekuja kutafuta amani ya moyo huondoka na nyota, na nyota yenyewe imeletwa na hesabu tu.

Nani basi huweza kuiacha nyota ilivyo? Kipimo kinarudiwa. Kikitoka vilevile inaagizwa ultrasaundi, picha ya mwili inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Ultrasaundi inaona kifuko kidogo cha maji kwenye ini, kitu ambacho watu wengi wanacho na watakufa nacho bila kukijua, na ripoti inamalizia kwa kupendekeza CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta. CT ya tumbo humpa mtu mionzi ya takriban milisivati 8 hadi 10, sawa na ile ambayo binadamu wa kawaida huipata kutoka ardhini na angani kwa miaka mitatu hadi minne. Baada ya CT huenda ikaja sindano ya kuchukua kipande kidogo cha nyama ya ini, na sindano hiyo inaweza kumtoa mtu damu ndani kwa ndani. Ukiichunguza kila hatua peke yake utaona ina mantiki. Ni ile ya kwanza tu iliyokosa sababu.

Kisa kinachonifundisha zaidi katika jambo hili ni cha Korea Kusini. Mwaka 1999 nchi hiyo ilianzisha mpango wa taifa wa kuchunguza saratani kadhaa. Ya tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, haikuwamo. Lakini mashine za ultrasaundi zilikuwapo tele, na hospitali zikaanza kuwapa watu kipimo cha shingo kama nyongeza ya bei nafuu. Watu wakakubali, kipimo hakiumi na huchukua dakika chache. Kufikia 2011, saratani ya thairoidi ilikuwa inagunduliwa mara 15 zaidi ya ilivyokuwa 1993, na mwaka huo peke yake zaidi ya watu 40,000 waliambiwa wanayo. Kama kweli ugonjwa ungekuwa umeongezeka kiasi hicho, au kama ugunduzi wa mapema ungekuwa unaokoa maisha, tungeona idadi ya vifo ikipanda au ikishuka. Haikusogea.

Zilikuwa saratani gani hizo? Wanasayansi wa Ufini walikuwa wameshaonyesha mwaka 1985 kwamba ukiikata thairoidi ya marehemu vipande vyembamba, zaidi ya theluthi moja ya watu waliokufa kwa sababu nyingine kabisa utawakuta na saratani ndogo ndani yake. Zipo saratani zinazokimbia, na zipo zinazolala miaka yote ya maisha ya mtu bila kumdhuru. Ultrasaundi ya Korea ilizichimbua hizo zilizolala. Karibu wote walioambiwa walipasuliwa. Waliotolewa tezi nzima hulazimika kumeza homoni maisha yao yote. Takriban asilimia 11 ya waliofanyiwa upasuaji waliharibikiwa tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu mwilini, na asilimia 2 walipata kupooza kwa nyuzi za sauti. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa huko lilijitokeza hadharani kuomba kipimo hicho kikomeshwe kwa watu wasio na dalili. Katika muda wa mwaka mmoja upasuaji wa thairoidi ulipungua kwa karibu theluthi.

Ninaposimulia haya huulizwa: kwa hiyo tusichunguze saratani kabisa? Hapana. Uchunguzi wa mlango wa kizazi ni mfano wa kinyume chake. Mabadiliko yanayotangulia saratani hiyo huchukua miaka mingi, yanaonekana, yanatibika kwa njia nyepesi, na wanawake wanaochunguzwa hufa kidogo kwa ugonjwa huo kuliko wasiochunguzwa. Mjamzito akipimwa kaswende na ikakutwa, sindano za penisilini humwokoa mtoto aliye tumboni. Hivyo ndivyo vipimo vyenye jibu linalofungua mlango fulani.

Vingine havifungui chochote. Chukua maumivu ya mgongo, ambayo karibu kila mtu atayapata siku moja. Mgonjwa hutaka picha, na ukimnyima huona amedharauliwa. Lakini watafiti waliokusanya picha za migongo ya watu wasioumwa popote, mwaka 2015, walikuta dalili za kuchakaa kwa diski, zile sahani laini zilizo kati ya pingili za mgongo, katika asilimia 37 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 96 ya wazee wa miaka 80. Mwonyeshe mgonjwa picha hiyo umwambie "diski zako zimechakaa", na kuanzia siku hiyo atainama kwa woga, ataacha kazi za mikono, atajiona mlemavu. Mvi pia ni dalili ya kuchakaa, lakini hakuna anayepigwa picha ya kichwa kwa ajili yake. Maumivu mengi ya namna hii hupungua yenyewe ndani ya wiki sita. Picha ina kazi yake pale panapokuwa na ganzi sehemu za siri, mguu unaopoteza nguvu, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, homa, ajali kubwa, au mtu aliyewahi kuwa na saratani. Hapo usingoje wiki sita; nenda leo.

Na tusidhani jicho la mtaalamu ni mizani isiyokosea. Mwaka 1934 watoto 1,000 wa shule walichunguzwa huko New York kuona nani anahitaji kutolewa mafindofindo. Watoto 611 walikuwa wameshatolewa. Madaktari wakawaangalia 389 waliobaki, wakasema 174 wapasuliwe. Wale 215 walioonekana wako sawa wakapelekwa kwa madaktari wengine, ambao hawakuambiwa lolote. Hao wakachagua 99. Waliobaki 116 wakapelekwa kwa kundi la tatu, likachagua 51. Kila mara karibu nusu! Laiti wangeendelea, shule nzima isingebaki na mafindofindo. Daktari aliyeletewa mtoto na swali la "apasuliwe au asipasuliwe" alikuwa na mazoea ya kusema ndiyo kwa mmoja kati ya wawili, na mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa yakipima, si koo.

Upasuaji nao hupimwa mara chache kuliko dawa. Mwaka 2002, huko Houston, wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa kwa kura: wengine walioshwa au kukwanguliwa goti kwa ndani kupitia matundu madogo, kamera ikiongoza, wengine walichanwa ngozi tu na kushonwa. Miaka miwili baadaye hakuna kundi lililokuwa na nafuu kuliko jingine.

Hata vipimo vya kawaida kabla ya operesheni, ambavyo watu wengi huviona kama sharti, havina uzito sawa kila mahali. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2000, wa operesheni zaidi ya 19,000 za mtoto wa jicho, uliwapima wagonjwa nusu na kuwaacha nusu bila vipimo vya desturi. Matatizo ya kiafya yalitokea kwa kiwango kilekile pande zote mbili, takriban 31 kwa kila operesheni 1,000. Operesheni ya moyo ni habari nyingine, bila shaka.

Niseme pia kuhusu Widal, kipimo cha damu cha taifodi, kwa kuwa kinapendwa mno. Kilianzishwa 1896. Hakimtafuti bakteria wa taifodi mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili huacha baada ya kukutana naye au na jamaa zake. Alama hiyo hubaki muda mrefu. Mahali taifodi ilipozoeleka, mtu mwenye mafua tu anaweza kupata jibu la "taifodi ipo", akameza antibiotiki asizozihitaji, akapona mafua yake na kuamini kwamba dawa ndiyo iliyomponya. Mwezi unaofuata anarudi na kisa kilekile: "taifodi yangu sugu imeamka." Kipimo kinachostahili kuaminiwa ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, kabla dawa haijaanza.

Kwa nini basi tunaagiza visivyohitajika? Watu husema ni pesa, na pale hospitali inapolipwa kwa idadi ya vipimo, wanaosema hivyo hawakosei. Lakini mimi naona woga na uchovu vina nguvu zaidi. Daktari anaogopa kulaumiwa kwa kipimo ambacho hakufanya. Hajawahi kulaumiwa kwa alichofanya. Kujaza fomu huchukua sekunde, kueleza kwa nini fomu haihitajiki huchukua robo saa. Na mgonjwa akitoka mikono mitupu husema: "Hata hakunipima!" Kampeni ya Marekani iitwayo Choosing Wisely, yaani kuchagua kwa busara, ilianza 2012 kwa kuviomba vyama tisa vya madaktari bingwa kila kimoja kitaje mambo matano katika fani yake yanayofaa kuhojiwa. Nilichokipenda ni kwamba kila chama kilitaja ya kwake, si ya jirani.

Wewe huhitaji orodha. Uliza hivi, kwa heshima na bila ugomvi: "Daktari, majibu yakitoka mazuri tutafanya nini? Yakitoka mabaya je?" Matibabu yakiwa yaleyale kwa majibu yote mawili, muulize kama mnaweza kusubiri. Muulize pia nini kitatokea mkisubiri wiki mbili. Daktari mzuri haudhiki kwa maswali haya. Mara nyingine ni yeye anayepumua kwa kuona ameruhusiwa kutopima. Na kama una majibu ya miezi michache iliyopita, yabebe, maana vipimo vingi hurudiwa kwa sababu tu karatasi ya zamani ilibaki nyumbani. Ila usiyatumie maneno yangu kukimbia kipimo ukiwa na uvimbe unaokua, damu inayotoka pasipotakiwa, kifua kinachobana au mwili unaokonda bila sababu. Hapo jibu linabadili kila kitu.

Yule wa "nipime vyote" namkaribisha akae, namuuliza anaogopa nini hasa. Mara nyingi hutaja ugonjwa mmoja, wa baba au wa shangazi, na tunazungumza juu ya huo. Kisha namfunga mkanda wa presha mkononi. Hauhitaji sindano, na ukisoma juu tunaurudia siku nyingine. Ukiendelea kusoma juu, dawa ipo.