Steringi Hafi, na Uongo Mwingine Tulioubeba Kuhusu Muvi

Kila Jumamosi usiku tunakutana watu watano sita hivi sebuleni kwa mshikaji mmoja Tabata, mwenye projekta ya mtumba na ukuta mweupe, tunaangalia muvi moja halafu tunaichambua mpaka jirani agonge dirisha. Wiki moja klasiki, wiki moja zile za kalti zenye waumini wachache lakini sugu, wiki moja kitu kipya, ikibidi tunachanganya. Sasa kuna vitu kila mtu aliingia navyo pale sebuleni akiwa na uhakika kabisa, vikavunjika kimoja kimoja, na nikikaa kijiweni naona bado vinatembea mitaani kama ukweli, ndo maana nimeamua kuviandika. Nitataja miisho ya muvi, nasema mapema. Nyingine zina miaka zaidi ya 60, kama hujaiangalia mpaka leo usinilaumu.

"Steringi hafi"

Hii ndo mama yao wote. Aliyekulia kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea muvi, anaijua, unatoa hela yako mlangoni ukijua mwamba atapigwa risasi ya bega, atafungwa kitambaa, atarudi kumaliza kazi. Kwenye kundi letu kuna fundi friji mmoja, mkubwa wetu kiumri, tunamwita bro, kwake hii sio msemo, ni imani.

Siku tumeweka Psycho ya Alfred Hitchcock, ya 1960, bro hakuwahi kuiona. Dada anaiba dola 40,000 kazini kwake, anakimbia na gari, mvua inampiga njiani, anakata kona kwenye hoteli iliyojitenga, anaingia kuoga. Bro katulia na karanga zake anatuelekeza, "Huyo ndo steringi, tulieni, hapo atasikia mlango atageuka." Hakugeuka kwa wakati. Muvi haijafika hata nusu, Janet Leigh, staa mkubwa kabisa kwenye lile bango, ameshauawa, na hela alizoiba zinazamishwa kwenye tope na mtu asiyejua hata kama zipo. Bro akauliza mara mbili kama faili imekatika.

Na ndo ujanja wenyewe ulivyokua. Hitchcock aliweka staa mbele makusudi ili umshikilie yeye, halafu anakunyang'anya, unabaki unaelea huna pa kushika. Ndo maana pia aligoma watu wasiingizwe ukumbini muvi ikishaanza, mtu akichelewa angekaa anamsubiri Janet Leigh atokee na keshakufa. (Kwa Dar sheria hiyo ingefunga kumbi zote ndani ya wiki moja.)

"Ilikua haina rangi sababu rangi zilikua hazijagunduliwa"

Hii alisema dada mmoja wetu usiku uleule, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi. Uongo mtupu. The Wizard of Oz ya 1939 ina rangi zinazochoma macho, na Hitchcock mwenyewe alikua katoka kutengeneza muvi za rangi mfululizo, Vertigo 1958, North by Northwest 1959. Psycho aliifanya nyeusi na nyeupe kwa kuchagua. Alitaka kutumia hela kidogo, kama dola laki nane hivi, akachukua mafundi wa kipindi chake cha tivii waliozoea kushuti haraka, na kubwa zaidi hakutaka damu nyekundu ijae lile bafu, watu wangeshindwa kutazama. Ile damu unayoiona ikizunguka inaingia kwenye tundu la maji ni sosi ya chokoleti. Ukishajua hivo jaribu kuangalia tena, bado utaogopa, na hapo ndo utajua kinachokuogopesha wala sio damu, ni zile fidla za Bernard Herrmann. Kumbe Hitchcock alitaka ile sehemu iende kimya bila muziki wowote, Herrmann akatunga tu kivyake, bosi aliposikia akakubali kwamba alikosea.

Tangu siku hiyo tuna kamchezo, tukibishana kuhusu sini tunaizima sauti tunaiangalia bubu, halafu tunageuka ukuta tunaisikiliza bila picha. Jaribuni, mtagundua mlikua mnasifia kitu kisichohusika.

"Muvi kali huwa inajulikana siku ya kwanza"

Hapa mifano imejaa mpaka inachosha. The Shawshank Redemption, hii ambayo kila mtu anaitaja kwenye tano bora zake, ilitoka 1994, ikagharimu kama dola milioni 25 na ikaingiza kama milioni 16 tu kwenye mzunguko wake wa kwanza, ikatajwa kwenye vipengele 7 vya Oscar ikaondoka mikono mitupu. Kilichoiokoa ni kanda za kukodi na tivii kuirudia rudia.

Ila mimi napenda zaidi mfano wa Sholay, muvi ya Kihindi, sababu ile imelea wazazi wetu. Ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, wiki za mwanzo wakosoaji wakaiponda na watu wakawa wamepoa, wenye mradi wakaanza kuhangaika wafanyeje. Halafu maneno yakaanza kutembea mdomo kwa mdomo, na muvi ile ikakaa ukumbi wa Minerva pale Bombay miaka mitano. Miaka mitano, ukumbi mmoja! Yule Amjad Khan aliyeigiza Gabbar Singh, kuna waliosema sauti yake nyembamba haifai kwa jambazi, leo hata asiyejua neno lingine la Kihindi anaweza kukuigizia sauti ya Gabbar.

Na za kalti nyingine zimebebwa na makaratasi tu, sio na ukali wake. Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, ilibadilishwa jina karibu na kutoka, na kwenye kubadilisha ile kadi ya jina wakasahau kurudishia tangazo la haki miliki, kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya kila mtu. Kila ukumbi, kila kituo cha tivii kikaionyesha bila kulipa. Romero alipoteza hela za maana, sisi tukapata mazombi kila kona ya dunia.

"Tumeangalia muvi moja, kwa hiyo tunaongelea kitu kimoja"

Hii hakuna mtu aliyewahi kuisema kwa mdomo, lakini wote tuliiamini, na ndo iliyotugombanisha vibaya zaidi. Blade Runner. Jamaa wawili, mmoja anasema inaisha kwa raha, wapenzi wanaendesha gari milimani kweupe, mwingine anasema wewe umelewa, inaisha lifti inajifunga giza limetanda basi. Ikafika mahali pa "shem, usinitukane kwenye nyumba ya watu." Kumbe wote wako sahihi, muvi hiyo ina matoleo zaidi ya moja. Ile ya 1982 ina Harrison Ford anasimulia mwanzo mwisho na ina huo mwisho wa milimani ambao studio iliulazimisha, na zile picha za milima hata hazikushutiwa kwa ajili yake, ni mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick. Ya 1992 imeondoa usimulizi, imeondoa milima, imeweka ndoto ya farasi mwenye pembe moja, na kwa ndoto hiyo moja swali zima la kama steringi mwenyewe ni binadamu au ni mashine linageuka. Halafu ipo ya 2007. Sasa hivi kwetu kabla ya kubishana swali la kwanza ni umeangalia ya mwaka gani.

Sholay nayo hivohivo. Tuliyokua nayo wote, mwishoni polisi wanafika wanamzuia Thakur asimuue Gabbar. Kwenye mwisho wa kwanza walioushuti Thakur anamuua, kwa viatu vyenye misumari, maana mikono alishakatwa. Bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, kipindi kile ni cha hali ya hatari ya Indira Gandhi, polisi mstaafu kujichukulia sheria mkononi haikupita. Wakashuti mwisho mwingine. Mzee wangu aliangalia Sholay sijui mara ngapi, nilipomwambia alinyamaza kidogo halafu akasema, "Ndo maana nilikua naona Thakur kama hajashiba."

"Nakumbuka kabisa alivyosema"

Hukumbuki. Darth Vader, yule adui wa Star Wars, hajawahi kusema "Luke, I am your father." Kwenye ile ya 1980 anasema "No, I am your father," kwa sababu anamjibu Luke aliyetoka kusema baba yake aliuawa. Dunia nzima imekariri kitu kisichokuwepo.

Ila kwetu tatizo ni kubwa zaidi na ni tamu zaidi. Nusu ya maneno tunayoyakumbuka kwenye muvi za utotoni hayakusemwa na mwigizaji yeyote, yalisemwa na watafsiri wanaosimulia muvi kwa Kiswahili juu ya picha, kwetu Lufufu, au kwa Wakenya DJ Afro. Nina rafiki amerudia muvi ya kichina ya zamani kwa sabtaitle akakasirika kabisa, vichekesho vyote havipo, adui hana hata jina lile analolijua yeye.

Na hapo kuna dhana nyingine inatoka kwa wale waliojisomea kidogo, eti muvi ya kutafsiriwa kibandani sio sinema ya kweli, ni uharibifu. Sasa waambie Wajapani. Enzi za muvi bubu Japani kulikua na watu wanaitwa benshi, wanasimama pembeni ya pazia wanasimulia, wanaigiza sauti zote, wanaongeza yao, na watu walikua wanaenda ukumbini kwa ajili ya benshi fulani, sio kwa ajili ya mwigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa, yule dairekta wa Seven Samurai, alikua benshi. Na jirani zetu Kampala, mtaa wa Wakaliga, Nabwana I.G.G. katengeneza Who Killed Captain Alex? ya 2010, kwa hela ambayo harusi ya Sinza inamaliza kwenye soda, na kopi ambayo dunia nzima inaichekelea ina VJ Emmie, msimulizi wa aina hiyohiyo, anapiga kelele juu yake mwanzo mwisho. Kopi isiyo na sauti yake haipo tena, faili lilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya muvi inayofuata. Kwa hiyo VJ sio kitu kilichobandikwa juu, ndo muvi yenyewe hiyo. Na Kapteni Alex, jina lake liko kwenye bango, anakufa katikati na mpaka mwisho hatuambiwi nani kamuua. Bro siku hiyo hakumaliza karanga.

Ndogo ndogo

"Siku hizi wanarudia tu, zamani walikua wanabuni." The Maltese Falcon ya 1941 inayosifiwa vyuoni ilikua ya tatu kutoka kwenye riwaya ileile ndani ya miaka kumi. Tuendelee.

"Muvi ikitoka kwenye kitabu lazima ifanane na kitabu." Hii ilitutesa na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, kwa sababu wawili wetu waliisoma riwaya ya Adam Shafi kidato cha tano kwa ajili ya mtihani na wakawa wanaiangalia kama wanasahihisha. Mbona hiki hakipo, mbona hapa pamefupishwa. Ikabidi turudi kwenye Psycho: kwenye riwaya ya Robert Bloch, Norman Bates, yule mwenye hoteli ambaye ndo muuaji, ni mtu wa makamo, mnene, mlevi. Hitchcock akamweka Anthony Perkins, kijana mwembamba mwenye haya ambaye ungempa funguo za nyumba yako. Angefuata kitabu ungemshuku dakika ya kwanza. Tuliporudia Vuta N'kuvute bila kitabu kichwani tukaanza kuona kuta za Unguja, vivuli, jinsi Yasmin anavyopigwa picha akiwa ndani ya madirisha na milango kama kafungiwa, vitu ambavyo mara ya kwanza vilitupita.

"Kuchambua kunahitaji shahada, na kunaua raha." Dairekta Mfaransa François Truffaut aliacha shule na miaka 14, akaanzisha klabu ya kuangalia muvi na washikaji akiwa bado kijana mdogo, akawa anaandika uchambuzi mkali mpaka mwaka 1958 tamasha la Cannes likamnyima kibali. 1959 akarudi palepale na muvi yake ya kwanza ndefu, akatoka na tuzo ya dairekta bora. Marafiki zake wa kukaa naye viti vya mbele na kubishana walikua Godard, Rivette, Rohmer na Chabrol, wote wakaja kutengeneza muvi. Sisemi sisi wa Tabata tutafika huko, projekta yenyewe inazima ikipata joto.

Sasa turudi kwa bro, maana hakukubali kushindwa. Wiki mbili baada ya Psycho alikuja na hoja kaiandaa kabisa. Steringi wa Psycho sio yule dada, ni Norman, na Norman mwishoni yuko hai, kakaa kwenye kiti kajifunika blanketi anatabasamu. Na kwenye Sholay Amitabh anakufa ndio, lakini jina linalotangulia mwanzoni ni la Dharmendra, na Dharmendra anapanda treni salama. Kapteni Alex yeye anahesabika kama jina la muvi tu. Tukaangaliana. Kwa kweli ilikua uchambuzi bora kuliko wote tuliowahi kufanya pale sebuleni, na mimi mpaka leo naona kwenye Norman yuko sahihi.

Ndo tukamwekea Night of the Living Dead. Ben, mwamba mmoja tu, hakuna wa kumchanganya naye, anapigana na mazombi usiku kucha, wengine wote wanaisha, yeye anabaki chini ya nyumba mpaka kunakucha, anasikia watu wamekuja, anapanda juu, anasogea dirishani. Wale watu wenye bunduki wakamdhania zombi.

Bro alikaa kimya majina yote yakapita. Halafu akachukua rimoti, akarudisha nyuma dakika tano.