Umeme wa Tofauti ya Joto la Bahari: Maana Yake na Namna Unavyofuliwa

Sisi tunaoishi Dodoma tumezoea kuona maji yakifua umeme kwa njia moja, yaani bwawa kama la Mtera, ambalo mitambo yake ya megawati 80 huzungushwa na maji yanayoporomoka. Umeme wa tofauti ya joto la bahari hauhitaji mporomoko. Huu hufuliwa kwa kutumia maji ya juu ya bahari, yaliyopashwa na jua, pamoja na maji baridi yanayovutwa kutoka kilindini, mradi tofauti kati yao ifikie takriban nyuzijoto 20. Katika bahari za ukanda wa joto sharti hilo hutimia, kwa kuwa maji ya juu huwa na nyuzijoto 25 hadi 28, na yale ya kina cha mita 1,000 huwa na 4 au 5 tu.

Ndani ya mtambo imo amonia iliyobanwa, kemikali ambayo katika kanieneo ya kawaida (mgandamizo wa hewa ituzungukayo) huchemka kwenye nyuzijoto 33 chini ya sifuri. Maji ya uvuguvugu yanapopita upande wa pili wa bamba jembamba la chuma, amonia huchemka bila kuni wala gesi, na mvuke wake husukuma turbini inayozungusha jenereta. Mvuke huo hukutanishwa na bomba la maji ya kilindini, hupoa, hurudi kuwa kimiminika, na safari huanza upya usiku na mchana.

Wengi hudhani kwamba kinachofua umeme ni joto. La hasha, joto lisilo na mahali pa ubaridi pa kuelekea halizungushi chochote, na ndiyo maana hata Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, halifai kwa kazi hii: maji ya chini kabisa yana nyuzijoto zipatazo 23, pungufu kidogo tu ya yale ya juu. Bahari hupata ubaridi wake kutoka kwenye ncha za dunia, ambako maji mazito huzama na kutambaa polepole chini hadi ukanda wetu.

Wazo hili lilitolewa na Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval mwaka 1881. Mwanafunzi wake, Georges Claude, alijenga mtambo huko Matanzas, Cuba, mwaka 1930, ukatoa kilowati 22, ingawa pampu zake zilikula umeme mwingi kuliko huo. Tatizo hilo halijaisha, kwani tofauti ya nyuzijoto 20 na kitu haiwezi kugeuza zaidi ya takriban asilimia 8 ya joto kuwa kazi, na baada ya pampu kuchukua chao hubaki asilimia 2 au 3. Kwa hiyo lazima maji mengi mno yavutwe, kwa bomba pana linalostahimili mawimbi na chumvi, na kwa maoni yangu bomba hilo, kuliko turbini yenyewe, ndilo lililoifanya mitambo ya Hawaii na ya kisiwa cha Kumejima, Japani, ibaki midogo, ya kiasi cha kilowati 100.