Kuvua na Watoto Ziwa Victoria: Hatari Haianzii Kilindini

Familia nyingi za Mwanza, Musoma na Bukoba zinapopanga kwenda kuvua siku ya mapumziko hujadili kina cha maji, nani anajua kuogelea na mtumbwi utafika umbali gani, kisha zikifika ufukweni watoto huvua viatu na kuachwa wacheze majini wakati wakubwa wakifunga ndoano. Hofu imewekwa mahali pasipo pake, kwa kuwa mengi yanayoweza kumdhuru mtoto katika ziwa hili, pamoja na samaki wengi anaoweza kuwavua mwenyewe, yako ukingoni, katika maji yasiyovuka magoti yake.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kichocho humpata anayekunywa maji ya ziwa au anayeogelea kwa muda mrefu, na kwamba aliyekipata atakojoa damu. Ukweli ni kwamba mabuu ya minyoo inayoleta kichocho hutoka kwa konokono wanaoishi katika maji yaliyotulia, hasa penye majani, yakaogelea kutafuta ngozi na kuipenya ndani ya dakika chache bila kuacha jeraha, hivyo mtoto aliyesimama majini akishikilia mtumbwi wakati wenzake wanapanda amekwisha kuwa hatarini hata kama hakulowa zaidi ya miguu. Kukojoa damu ni dalili ya kichocho cha mkojo, ilhali kandokando ya Ziwa Victoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo, ambacho huonekana kwa maumivu ya tumbo, kuhara na pengine damu katika choo, na kikiachwa miaka mingi huharibu ini. Mzazi anayengoja mkojo mwekundu anaweza kungoja bure huku mtoto akiendelea kuumwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba kumkausha mtoto kwa taulo mara anapotoka majini kunatosha, au kwamba dawa ikimezwa jioni ile ile inamaliza kazi. Taulo huenda ikasaidia kidogo lakini si kinga ya kutegemewa, na prazikwanteli, ambayo ndiyo dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, si ile iliyoingia mwilini asubuhi, ndiyo maana vipimo na tiba huwa na maana zaidi wiki 6 hadi 8 baada ya safari. Njia rahisi ni kuchagua mahali pa kupandia chomboni bila kukanyaga maji, kama gati au miamba ya mawe ambayo Mwanza imejaliwa kwa wingi, na pasipo na gati mtu mzima aliyevaa buti ndefu za mpira ambebe mtoto. Maji ya kunawia mikono yatoke nyumbani.

Kuhusu mamba na viboko sina mengi: wote hupenda ukingo wenye matete, mamba hahitaji maji ya kina kirefu ili kujificha, na kiboko anayeonekana mpole mchana hutoka jioni kwenda malishoni na hatavumilia mtu aliyesimama kati yake na maji. Waulizeni wenyeji wa mwalo kabla ya kukaa, kisha ondokeni kabla ya magharibi.

Dhana ninayoipinga kwa moyo wote ni ile inayowanyima watoto raha bila sababu, kwamba lazima wakae kimya kwa sababu samaki husikia maneno na kukimbia. Sauti inayosafiri hewani ikigonga uso wa maji, sehemu yake kubwa sana hurudi hewani, hivyo hadithi na vicheko vya watoto haviwafikii samaki kwa kiasi cha kuwatisha. Kinachowafikia ni mtikisiko, ambao samaki huuhisi kwa masikio yao ya ndani na kwa mstari wa hisia unaopita ubavuni. Mzee mmoja aliyetupakia katika mtumbwi wake alituonyesha jambo hilo bila somo lolote: wapwa zangu walikuwa wakibishana kwa sauti za juu na mishipi yao ikaendelea kuguswa, lakini mmoja alipoangusha kopo la chambo juu ya ubao wa sakafu, mishipi yote ilitulia kwa muda mrefu. Mzee akavua kanga iliyomfunika mabega, akaitandika chini ya miguu yao, akaendelea na kazi. Kivuli cha mtu anayesimama ghafla juu ya maji maangavu nacho huwafukuza samaki, kwa hiyo mtoto akatazwe kurukaruka na kusimamasimama, lakini aachwe azungumze. Na ule usemi kwamba mwanamke au msichana akipanda mtumbwini samaki hutoweka hauna msingi wowote katika maumbile ya samaki.

Kisha kuna suala la ndoano kubwa. Baba wengi hununua ndoano za sangara wakitumaini kumpa mtoto ushindi wa kukumbukwa, ilhali sangara wakubwa, ambao wanaweza kupita kilo 100, ni wawindaji wanaofuata samaki hai na mara nyingi huhitaji chombo na mkono wa mtu mzima. Sato ana mdomo mdogo, hula mimea, mwani na wadudu, na hukaribia ufukwe, kwa hiyo ndoano ndogo, chubwi jepesi la kuzamisha mshipi na kipande cha nyungunyungu au ugali mgumu uliofinyangwa vizuri humletea mtoto samaki ndani ya muda ambao subira yake inaruhusu. Nikiwa hapo niongeze kwamba si kweli kuwa sangara peke yake ndiye mgeni ziwani. Sato huyu tunayemla leo naye aliletwa katika miaka ya 1950, na mwenyeji hasa alikuwa ngege, ambaye sasa ni adimu.

Wengine hudhani kwamba kwa kuwa si bahari, ziwa halina mawimbi ya kuogopwa. Ziwa lenye eneo la takribani kilomita za mraba 68,800 linatosha kujitengenezea hali yake ya hewa: usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji na kuzaa ngurumo ambazo zinaweza kuendelea hadi asubuhi, na alasiri upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Mawimbi yake ni mafupi, yanafuatana upesi kuliko mawimbi marefu ya bahari kuu, na mtumbwi mdogo hauna nafasi ya kupumua kati yao. Zaidi ya hayo, lita ya maji ya bahari ina takribani gramu 1,025 na ya ziwa gramu 1,000, kwa hiyo aliyejifunza kuelea Dar es Salaam ataona mwili wake umezama kidogo zaidi Mwanza. Jaketi okozi livaliwe tangu gatini, wala lisikaliwe kama mto. La mtoto lijaribiwe kwa kulinyanyua mabegani likiwa limefungwa. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno na majini litamvuka.

Mwisho, wapo wanaosema kanuni za uvuvi zinawahusu wenye nyavu tu. Tanzania imeweka urefu wa chini wa sentimita 25 kwa sato na 50 kwa sangara, na katika hifadhi ya taifa kama Rubondo havuliwi samaki bila kibali. Chora alama ya sentimita 25 kwenye fito ya mtoto kabla ya kuondoka nyumbani, umwachie yeye kazi ya kupima, na samaki asiyefika alama ashikwe kwa mikono iliyolowa, ndoano itolewe taratibu, kisha ashushwe majini ubavuni mwa chombo mpaka apige mkia mwenyewe.